Nyundo ndogo juu ya matanga ya Sydney

Nyundo yenyewe ni ndogo, ya kushikwa kwa mkono mmoja, na haipigwi kwa nguvu. Fundi ananing'inia kwenye kamba mbili, moja ya kumbeba na ya pili ya kumwokoa ya kwanza ikimtupa. Miguu yake imekanyaga ukuta wa vigae uliopinda, na uso wake uko karibu nao kiasi cha kuona vumbi la chumvi kwenye viungo. Anagonga, anasikiliza, anasogeza mkono kwenye kigae kinachofuata. Kigae kilichoshika sawasawa hutoa sauti fupi, kavu na ya juu. Kilichoanza kuachana na kilichokibeba kwa nyuma hutoa sauti nzito, yenye uwazi ndani. Mnunuzi wa chungu sokoni hufanya jambo hilohilo kwa kifundo cha kidole: jicho linaona chungu kizima, sikio ndilo linaloambiwa habari ya ufa. Ila huyu wa kwenye kamba ana vigae 1,056,006 mbele yake.

Hiyo ndiyo idadi ya vigae vilivyovikwa paa la Jumba la Opera la Sydney, lililosimama kwenye ncha ya ardhi inayoitwa Bennelong Point, mahali ambapo Wagadigal, wenyeji wa pale, walipaita Tubowgule. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alishinda shindano la usanifu mwaka 1957 kati ya michoro 233. Ujenzi ulianza mwaka 1959, na jumba likafunguliwa tarehe 20 Oktoba 1973. Bahari imelizunguka pande tatu, na paa lake lenye umbo la matanga linapanda hadi mita 67 hivi juu ya maji. Habari za jinsi lilivyojengwa zimeandikwa sana, pamoja na ugomvi na gharama zake. Mimi ninavutwa zaidi na kazi iliyoanza siku ya pili baada ya kufunguliwa, kazi isiyo na sherehe wala mwisho: kulitunza ili liendelee kuwa lilelile, na kulibadilisha pale tu linapohitaji.

Ili kuelewa kwa nini fundi anagonga, inafaa kujua kigae kilivyofika kule juu. Vigae havikupachikwa kimoja kimoja juu ya paa. Hakuna mkono ambao ungeweza kulaza vigae zaidi ya milioni moja kwenye miinuko ile na mistari ikakaa sawa. Mwaka 1961 Utzon alipata ufumbuzi: matanga yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Kwa kuwa mpindo ni mmoja kila mahali, vipande vya paa viliweza kumwagwa chini, kwenye kiwanda kilichokuwa palepale kwenye eneo la ujenzi, kwa kutumia kalibu zilezile tena na tena. Vigae vililazwa kifudifudi ndani ya kalibu, nyuma yake ikawekwa nyavu ya waya na saruji, kisha kipande chote kikakomazwa kwa mvuke. Kilipokauka kilinyanyuliwa kwa kreni, kikageuzwa uso wake uangalie jua, kikafungwa kwenye mbavu za zege kwa boliti na vishikizi vya bronzi. Vipande vya namna hiyo ni zaidi ya 4,000, vikubwa kwa vidogo.

Vigae vyenyewe vilitengenezwa na kiwanda cha Höganäs cha Sweden, na ilichukua miaka mitatu kupata kigae alichokitaka Utzon. Alikuwa ameona vyombo vya udongo vya mashariki ya Asia, vyenye mng'ao unaotoka kwa ndani, akakataa weupe mkavu unaochoma macho. Udongo ulichanganywa na punje za mawe yaliyosagwa ili uso uwe na chembe chini ya rangi yake ya kioo. Viko vya aina mbili, vyeupe vinavyong'aa na vya rangi ya maziwa visivyong'aa, na hivi vya pili vimepangwa kwenye kingo za kila kipande. Kwa hiyo ukilitazama paa kutoka kwenye kivuko unaona mistari mirefu ikipanda hadi kileleni. Mistari hiyo ndiyo ramani ya namna jumba lilivyoungwa, nayo ndiyo ramani anayoifuata mtu wa kamba.

Anaanzia juu, anashuka mstari kwa mstari. Harukiruki. Kigae chenye sauti ya mashaka hagongi mara moja tu. Anarudi, anagonga pembe nne na katikati, analinganisha na jirani zake. Kisha anaandika: tanga gani, kipande gani, kigae gani, na kasoro ya namna gani. Ufa mwembamba wa rangi ya juu si jambo moja na kigae kilichoachia. Kiungo kilichopasuka kati ya kipande na kipande ni jambo la tatu, maana pale kuna kizibio kinachonyumbuka, kilichowekwa ili vipande vijivute na kutanuka kwa joto bila kugombana, na kizibio huzeeka kabla ya kigae. Upepo wa bandarini unamsukuma, weupe wa vigae unamrudishia jua usoni, lakini anakwenda kwa mwendo uleule. Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa mno ya kazi hii huishia kwenye kutofanya kitu. Kigae kizima kinaachwa, na chenye alama ndogo kinaandikwa, kinaachwa, na kutazamwa tena safari ijayo baada ya miaka. Kung'oa kigae kunaweza kuwatikisa majirani zake waliokuwa wameshika vizuri, kwa hiyo mkono wenye ujuzi hauna papara ya kung'oa.

Sikio la mtu lina mipaka, na wanaolitunza jumba walilijua hilo. Fundi mmoja husikia uwazi mahali ambapo mwenzake hasikii, na anayestaafu huondoka na kumbukumbu zake. Mwaka 2014 Taasisi ya Getty ya Marekani, katika mpango wake wa kusaidia majengo ya karne ya 20, ilitoa fedha za kuchunguza zege la jumba hili na kuandaa utaratibu wa kulitunza. Wahandisi wa kampuni ya Arup, ileile iliyopiga hesabu za matanga wakati wa ujenzi, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, walianza kupima kwa vyombo kile ambacho mafundi walikuwa wakikisikia: pigo lina nguvu kiasi gani, mlio unaorudi una umbo gani. Nia ni kwamba atakayegonga kigae hichohicho miaka 20 baadaye aweze kulinganisha mlio wake na huu wa leo. Nyundo haikutupwa, ila sauti yake sasa ina kumbukumbu.

Chini ya vigae kuna zege, na hapo ndipo bahari inapofanya kazi yake ya siri. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa. Anaijua nguzo ya baraza iliyovimba, ikapasuka, na nondo yenye kutu ikachungulia. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi hupenya taratibu kwenye vinyweleo vya zege hadi kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege, lenye nguvu nyingi likibanwa na nguvu kidogo likivutwa, hupasuka kutoka ndani. Matanga ya Sydney yameundwa kwa vipande 2,194 vya mbavu vilivyomwagwa chini, vikaunganishwa juu kwa gundi ya epoksi na kubanwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu. Jumba lote limebebwa na nguzo 588 zilizozamishwa ardhini.

Fundi wa zege hupima kwanza. Anapitisha kifaa juu ya uso kinachotambua chuma kilicho ndani na kumwambia kiko kina gani. Pale penye shaka anachukua kipande kidogo kabisa, mahali pasipoonekana, na kukinyunyizia kemikali ya fenolftaleini: zege lenye afya hugeuka rangi ya waridi kali, lile ambalo hewa imeshaliondolea kinga yake hubaki na rangi yake ya kijivu. Mstari kati ya waridi na kijivu unampa umbali uliobaki kabla hatari haijafika kwenye nondo, na umbali huo anaweza kuugeuza kuwa miaka. Akilazimika kuziba, hatachukua saruji yoyote iliyo karibu. Zege la jumba hili liliachwa wazi kwa makusudi, alama za mbao za kalibu zikionekana, na kiraka chenye rangi ngeni kingepiga kelele kwa miaka 50. Anachanganya, anamwaga sampuli, anasubiri ikauke, analinganisha chini ya mwanga wa asubuhi na wa jioni, anabadili mchanga, anachanganya tena.

Kuhusu usafi, nitasema mambo mawili tu, kwa sababu yananifurahisha. Kuta za zege za ndani husafishwa kwa baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea iliyo kwenye kabati za jikoni, maana inaondoa uchafu bila kula uso wa zege kama dawa kali zinavyofanya. Na vishikio vya bronzi vya ngazini, vinavyopitiwa na viganja vya watu wengi kila siku, hupakwa mafuta ya zeituni. Kitambaa laini, mafuta kidogo, kusugua kwa kufuata urefu wa chuma, kisha kufuta mpaka kiganja kisiteleze.

Sasa tuingie ndani, tufuate maji. Jumba halipozwi kwa mitambo iliyorundikwa juu ya paa. Paa la namna ile halina mahali pa kuificha. Tangu mwanzo maji ya bandari yamekuwa yakivutwa ndani na kusaidia mitambo ya kupoza na kupasha joto hewa, kisha yakarudishwa baharini. Mabomba ya mfumo huo yana urefu wa kilomita 35 kwa jumla. Anayeyahudumia anapambana na chumvi ileile ya nje, mara hii ikiwa ndani ya chuma chake, akikagua pampu na valvu katika vyumba ambavyo mtazamaji wa opera hatavijua kamwe. Kosa la digrii chache hapa chini linasikika kule juu ukumbini.

Linasikika kwa sababu ya kinanda. Kwenye ukuta wa mbele wa Ukumbi wa Tamasha kuna kinanda cha mabomba kilichobuniwa na kujengwa na Ronald Sharp, Mwaustralia aliyejifunza kazi hiyo mwenyewe. Alikiunda kwa miaka kumi, akakimaliza mwaka 1979. Kina mabomba zaidi ya 10,000, na kati ya ufunguo anaobonyeza mpigaji na valvu inayofungua pumzi ya bomba kuna viunganishi vya kimakanika vinavyovutana, kidole hadi hewa. Hewa ikipata joto, sauti ya mabomba ya filimbi hupanda. Yale yenye ulimi wa shaba hayapandi kwa kiasi hicho, na familia mbili za kinanda kimoja huanza kukosana.

Kukisawazisha kunahitaji watu wawili na ukimya. Mmoja anakaa kwenye funguo na kushikilia noti moja. Wa pili yuko ndani ya kinanda chenyewe, amejipenyeza kati ya mabomba, mengine marefu kuliko nyumba, mengine madogo kama penseli. Sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana, sikio husikia mtikisiko: waa, waa, waa. Anagonga kidogo pete iliyo juu ya bomba, mtikisiko unapungua kasi. Anagonga tena, unakuwa mrefu, wa uvivu. Anagonga mara ya tatu, unatoweka, na noti mbili zinakuwa moja. Halafu anarudi nyuma na kungoja, kwa sababu joto la mkono wake mwenyewe limelidanganya bomba. Likipoa ndipo anajua ukweli. Akiridhika anatamka neno moja, na mwenzake kule mbele anahamia ufunguo unaofuata.

Matunzo ni jambo moja, kubadilisha ni jingine, na kwenye jumba lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2007 haiwezekani kubadilisha kwa matamanio ya msimamizi aliyepo. Utzon alijiuzulu Februari 1966 baada ya kutofautiana na serikali ya jimbo, akaondoka, na hakurudi kuliona jumba lake likiwa limekamilika. Lakini mwaka 1999 alikubali kushiriki tena, na mwaka 2002 yakatolewa maandishi ya kanuni zake za usanifu, ili watakaokuja wajue alikuwa akiwaza nini alipochagua mwanga huu au mpindo ule. Mwanawe Jan, msanifu pia, aliifanya kazi pamoja naye. Juu ya hapo kuna mpango wa hifadhi, kitabu kinachoeleza sehemu baada ya sehemu: kipi hakiguswi, kipi kinaweza kusogea, na kwa sharti gani. Mimi naona kitabu cha namna hiyo ni chombo cha ufundi sawa na nyundo. Kinampa haki yake pia Peter Hall, msanifu aliyepokea kazi ya ndani Utzon alipoondoka, aliyefariki mwaka 1995 bila sifa alizostahili.

Ukumbi wa Tamasha ni wa Hall: mbao, dari ya plaiwudi inayopanda kama mita 25 juu ya jukwaa, viti vya rangi ya waridi iliyokolea. Ni mzuri wa kutazamwa. Wanamuziki, hata hivyo, walilalamika miaka mingi kwamba hawasikilizani. Hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwenda kwenye dari ya mita 25 na kurudi ni mita 50, na hiyo ni kama sehemu 15 za 100 za sekunde. Msikilizaji hata haioni. Mpiga fidla anayetaka kushika mwendo mmoja na besi zilizo upande wa pili wa jukwaa anaiona katika kila noti. Mwanzoni zilitundikwa pete za plastiki angavu juu ya jukwaa ili zirudishe sauti mapema, nazo zilisaidia kidogo tu.

Ukumbi ulifungwa Februari 2020, na kazi ikagharimu takriban dola milioni 150 za Australia. Wasanifu wa ARM walishirikiana na wataalamu wa sauti wa Müller-BBM wa Ujerumani, na jambo la kwanza walilofanya, miaka kabla ya kufungwa, lilikuwa kusikiliza: vipimo, okestra jukwaani, maoni ya wapigaji waliokaa sehemu tofauti. Kisha hatua zikapangwa. Jukwaa likashushwa sentimita 40, ili walio viti vya mbele waone zaidi ya viatu vya wapigaji na sauti iwafikie moja kwa moja. Sakafu ya jukwaa ikawekewa majukwaa madogo ya kupanda na kushuka kwa mitambo, safu za okestra zikae kama ngazi na vyombo vya shaba vya nyuma visiimbie migongo ya walio mbele. Kuta za pembeni zikapokea paneli za mbao zilizochongwa mawimbi. Ukuta bapa hurudisha sauti kwa mkupuo mmoja mgumu, wenye mawimbi huitawanya, kila bonde likiirusha upande wake.

Na zile pete zikaondolewa. Mahali pake vikatundikwa viakisi 18 vya faiba, vyenye umbo la petali za ua, vilivyopakwa rangi ileile ya viti vya Hall. Rangi hiyo nadhani ndiyo uamuzi bora wa mradi wote. Kitu kipya, kikubwa, kilicho katikati ya macho ya kila anayeingia, kimeazima rangi ya kitu cha zamani kilicho chini yake, na ukumbi haukupata mgeni anayejitangaza. Kila petali huning'inia kwa nyaya na kusogezwa kwa mtambo, juu au chini, kulingana na muziki wa siku. Kwa wasiotumia ngazi ilitengenezwa pia lifti na njia ya kufika kwenye kumbi za mapokezi za kaskazini, zile zinazotazama bandari, ambazo kwa karibu miaka 50 zilikuwa za wenye magoti mazima tu. Ukumbi wa Joan Sutherland, wa opera na baleti, ulikuwa umeshapata zamu yake mwaka 2017, mitambo yake ya jukwaani ya tangu siku ya ufunguzi ikibadilishwa.

Tarehe 20 Julai 2022 okestra ya Sydney, ikiongozwa na Simone Young, ilirudi na Simfonia ya Pili ya Mahler. Ni chaguo la mtu anayetaka kuijaribu kazi ya fundi pasipo huruma. Mwanzo wake ni mtetemo wa nyuzi za juu na mshituko wa besi, palepale ambapo jukwaa la zamani lilikuwa likiwatenganisha wapigaji. Baadaye kuna matarumbeta yanayopigwa nje ya jukwaa, kuna kwaya inayoingia kwa sauti ndogo kabisa, na mwishoni kengele, okestra nzima, kwaya nzima, na kinanda cha Sharp kikiwa wazi juu yao wote.

Siku ya mwimbaji mwenye vipaza sauti, kila kitu hupangwa upya. Petali hupandishwa karibu na dari. Mapazia mazito hushuka kwa mitambo mbele ya kuta ili kumeza mwangwi ambao okestra huuhitaji na spika hazihitaji. Safu za jukwaa hushushwa ziwe sakafu moja, nyaya hulazwa, na mtu mmoja huzunguka viti vya pembeni, ghorofa kwa ghorofa, akisimama kila mahali kwa muda wa wimbo mmoja wa majaribio, daftari mkononi.